Kufunga betri ya pili kwenye mashua: ya mashine iwe yake, ya taa iwe yake

Tulikuwa tumevua usiku mzima, tukaja kutia nanga saa tisa usiku nyuma ya Kisiwa cha Yambe, bamvua, maji yamejaa. Kaskazi ilikuwa imeshalala. Taa ya mlingotini inawaka, simu nne zinachajiwa, na kijana mmoja ana spika yake ya muziki pale shetri, nyuma ya chombo. Alfajiri maji yanakupwa, nikageuza ufunguo: tak. Tena: tak. Betri ilikuwa moja tu kwenye chombo, nayo ilikuwa imekwisha. Tukashika pondo watu watatu, lakini mashua ya futi 26 yenye farumi, yale mawe ya kuipa uzito chini, haisukumiki kwa hasira. Kabla hatujamaliza kubishana ni nani aliyeiacha ile spika ikiimba, mkuku ukagusa. Tukakaa pale chombo kimelala ubavu, jua linatuchoma, mpaka maji yalipotuinua saa saba mchana.

Nilipofika Deep Sea, diko letu la wavuvi pale Tanga, kila mtu alikuwa na ushauri, na wote ulikuwa mmoja: ongeza betri. Nikaongeza. Nikanunua mpya, nikaiweka ubavuni mwa ile ya zamani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikajiona nina nguvu mara mbili. Kusi haijaisha zote mbili zikafa. Betri chakavu ikifungwa sambamba na mpya haipandi kuifikia mwenzake. Mpya ndiyo inayoshuka kuifuata, kwa sababu mchana na usiku inaimiminia chaji ambayo haitajaa. Na hata zingekuwa mpya zote, balaa la Yambe lingebaki vilevile. Spika ingekula betri mbili badala ya moja, na stata ingesema tak.

Kwa hiyo ninachoeleza hapa ni kugawa. Betri moja inaiwasha mashine na haina kazi nyingine yoyote. Ya pili inabeba taa, redio, jipiesi, simu na pampu. Zinakutana kwa njia moja tu, na njia hiyo ina mlango. Mfano wangu ni mashua yenye tanga moja na mashine ndogo ya dizeli ya ndani, yenye stata ya kuiwasha na alteneta ya kuchaji betri, umeme wa volti 12. Kama yako ni mashine ya kuning'inia nyuma inayowashwa kwa ufunguo, mpango ni uleule, ila koili yake ya chaji kwa kawaida hutoa ampea chache, basi tegemea sola zaidi.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Chukua wati za kifaa, gawanya kwa 12, umepata ampea. Zidisha kwa saa kitakazowaka, umepata ampea-saa, ile inayoandikwa Ah ubavuni mwa betri. Usiku mmoja wa kwangu ulikuwa hivi:

- Taa nyeupe ya nanga, LED ya wati 3, saa 12: ampea-saa 3
- Taa mbili za ndani, saa 4: 2.5
- Jipiesi yenye kioo cha kuonyesha kina, saa 10: 8
- Redio ya VHF ikisikiliza chaneli 16 usiku kucha, na kuongea dakika chache: 6
- Simu nne: 8
- Pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya chombo, nusu saa kwa jumla: 1.5
- Ile spika: 6

Jumla 35. Simu ndizo zilizonishangaza. Kila mtu akileta yake anadhani ni kitu kidogo. Taa nayo, laiti ningekuwa bado na balbu ya zamani ya wati 10 kule juu, ingekula 10 peke yake badala ya 3. Kabla hujanunua betri kubwa, badilisha balbu. Ni umeme wa bei nafuu kuliko wote.

Sasa, betri ya risasi na asidi usiihesabu yote. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, maisha yake yanakatika haraka. Maana yake betri ya ampea-saa 100 inakupa 50 za kutumia. Usiku mmoja wa 35 unaenea na akiba inabaki. Usiku wa pili bila kuchaji, hapana. Ukiwa na paneli ya sola ya wati 100, jua letu la kiangazi likirudisha kama 25 kwa siku, unakwenda usiku wa pili bila wasiwasi na wa tatu ndipo unapoanza kuzima vitu. Kwa dago, kambi ya uvuvi, la siku mbili tatu, ampea-saa 100 zinatosha. Mtu akikushawishi ununue 200, kumbuka kwamba betri ya 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30, na ni wewe utakayeibeba mabegani ukivuka matope.

Dukani

Ukiingia maduka ya spea kwenye zile barabara za namba za Ngamiani ukasema "nataka betri", utapewa ya gari. Kwa mashine ni sawa kabisa: N70 inatosha kwa dizeli ndogo. Betri ya gari ina bamba nyingi nyembamba. Inatoa moto mkubwa, yaani umeme mwingi, kwa sekunde chache, kisha inataka kujazwa mara moja. Ukiipa kazi ya taa usiku kucha inachoka upesi. Kwa taa taka betri ya sola, ile yenye bamba nene, iliyotengenezwa kushushwa polepole na kupandishwa.

Kuna ya maji na kuna kavu. Ya maji ni rahisi na unaweza kuitazama ndani, lakini mashua inalala, na siku upepo wa kusi ukikulaza sawasawa asidi itatoka kwenye vifuniko. Mimi betri ya taa nimechukua kavu, ya mashine nimeacha ya maji, nayo nimeiweka mahali ninapofikia kuiongezea maji yaliyotoneshwa. Usiiongezee maji ya bomba, na usiiongezee asidi. Kinachopungua ni maji. Betri za lithiamu ni nyepesi na nzuri, lakini hazipendi kuunganishwa hivihivi na alteneta ya kawaida, zinaivuta mpaka inaungua. Ukizitaka, mpango wake ni mwingine na huu hautakufaa.

Nenda na mita yako. Betri mpya iliyotulia isome volti 12.5 au zaidi. Ikisoma 12.2 imekaa dukani muda mrefu, hata kama imefutwa vumbi ikang'aa. Tazama pia tarehe iliyogongwa juu yake. Na ile mita usiirudishe kabatini, kwa sababu ndiyo nahodha wa kazi yote hii. Namba za kukariri, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji: 12.7 imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo.

Betri yako ya zamani inaweza kubaki kuwa ya mashine kama bado ni mzima. Mwombe mtu awashe huku wewe umeshika mita kwenye vichwa vyake. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 10. Ikishuka mpaka 8 au 9, na ulikuwa umeijaza, iage.

Mahali pa kuiweka

Karibu na katikati ya chombo, chini, lakini si ndani ya ngama. Mimi niliondoa farumi kiasi cha uzito wa betri kando ya mashine nikaiweka pale. Mawe yalitoka, risasi ikaingia, chombo hakikujua tofauti. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri yanatoa klorini, hewa ya sumu, na kwenye kijichumba cha mashua hutaki kuivuta. Kwa hiyo iwe juu ya pale maji yanapofika siku pampu imegoma.

Iweke ndani ya beseni gumu la plastiki au sanduku la mbao lililotandikwa plastiki, ili asidi ikitoka isile mbao na misumari. Chini tandika tyubu ya baiskeli. Tanga hatujakosa tyubu za baiskeli. Kisha funga kwa mkanda wa lori unaoshika kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, si kwenye mbao za sakafu. Ukiifunga, simama, ishike kwa mikono miwili, itikise kama unataka kuiiba. Ikisogea hata kidogo, funga upya. Kilo 27 zikiruka usiku katika mkondo wa Pemba zitatoboa kitu.

Juu acha nafasi ya hewa. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni inataka cheche moja tu. Mvuta sigara wako akae omo, mbele kabisa. Karibu na sanduku weka kopo la magadi. Asidi ikimwagika, mwagia magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji mpaka povu liishe, kisha suuza.

Mpango wa nyaya

Chora kwenye karatasi kwanza. Kama huwezi kuuchora, hujauelewa, na baharini usiku hautakusubiri uuelewe.

Hasi zote mbili zinakutana. Kebo nene kutoka hasi ya betri ya taa kwenda hasi ya betri ya mashine, na kutoka hapo kwenda kwenye bodi ya mashine kama ilivyokuwa. Hapa watu wengi husahau. Wanafunga chanya vizuri, wanaweka swichi ya bei mbaya, halafu siku ya haja umeme hauna njia ya kurudi.

Chanya ya betri ya mashine inapita swichi yake, inakwenda kwenye stata. Chanya ya betri ya taa inapita fyuzi, kisha swichi yake, inakwenda kwenye ubao wa fyuzi za taa. Katikati ya chanya hizi mbili, kutoka kichwa cha betri ya taa mpaka upande wa stata wa swichi ya mashine, kuna swichi ya tatu, ya dharura, ambayo kila siku imefungwa, yaani haipitishi umeme, ufunguo umetolewa. Siku betri ya mashine ikifa, unaifungulia, betri ya taa inaiwasha mashine, basi. Nimetumia zile swichi za lori zenye ufunguo mwekundu, tatu. Zipo swichi za mviringo zenye namba 1, 2 na zote. Zinafanya kazi, lakini zinamtaka mtu mwenye kumbukumbu, na baada ya usiku wa kuvua hakuna mwenye kumbukumbu.

Pampu ya ngama peke yake haipiti swichi yoyote. Waya wake unatoka moja kwa moja kwenye betri ya taa, kupitia fyuzi yake, ili ukizima kila kitu ukaenda nyumbani iendelee kulinda chombo.

Unene wa kebo: zote zinazoweza kubeba moto wa stata, yaani hasi ya kuunganisha betri na njia ya dharura, ziwe milimita 35 za mraba. Kutoka betri ya taa kwenda ubaoni, 16. Kutoka ubaoni kwenda redio, 2.5. Taa, 1.5. Kama unataka kujihakikishia, kuna hesabu moja: urefu wa kwenda kwa mita, mara mbili kwa sababu umeme unarudi, mara ampea, mara 0.0175, gawanya kwa unene. Redio inayovuta ampea 6 ikiongea, umbali wa mita 5, waya wa 2.5: unapoteza volti 0.42. Inavumilika. Kwa waya mwembamba wa spika, wa 0.5, ungepoteza zaidi ya volti 2, na redio ingezimika kila ukibonyeza kuongea. Wengi wameuza redio nzima kwa kosa hilo.

Fyuzi zikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, shubiri moja hivi kutoka kwenye kichwa cha chanya. Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake. Kipande kati yake na betri hakina mlinzi. Njia ya dharura ina betri kila upande, kwa hiyo inataka fyuzi mbili, moja kila mwisho, ampea 200, zile bapa za kufunga kwa bolti. Njia ya kwenda ubaoni, 50. Ubaoni, taa 5, redio 10, simu 10. Fyuzi ya pampu, ile ya peke yake, iwe kama ilivyoandikwa kwenye pampu yenyewe. Kebo ya stata kwa desturi haina fyuzi. Iingize ndani ya mpira wa maji mwanzo hadi mwisho isije ikasuguana na chuma.

Vichwa vya kebo

Hapa ndipo nitakapokukawiza, kwa sababu ubovu mwingi wa umeme wa mashua niliouona haukuwa kwenye betri. Ulikuwa kwenye maungio.

Usitumie waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Mashine ikitetemeka mwaka mmoja unakatika ndani ya ganda lake na nje huoni kitu. Tumia wa nyuzi nyingi, na ukipata ulionyunyiziwa bati, wenye nyuzi nyeupe badala ya nyekundu, lipa bila kulalamika. Siku moja nilichuna kebo ya zamani ya mashua yangu karibu na stata. Nyuzi za kwanza zilikuwa za kijani. Nikachuna inchi nyingine, nyeusi. Nikaendelea kuchuna na kukata, na shaba yenye kung'aa niliikuta baada ya dhiraa nzima. Chumvi ilikuwa imeingia pale kwenye kichwa ikatambaa ndani kama maji kwenye utambi. Kwa macho kebo ile ilikuwa nzima.

Basi kichwa kifungwe hivi. Chuna ganda urefu sawa na shimo la kichwa, usikate hata uzi mmoja. Ingiza mpira wa kusinyaa kwanza, kwa sababu utausahau. Ingiza kebo mpaka nyuzi zionekane kwenye dirisha dogo, kisha bana kwa koleo kubwa la kubania, lile la fundi wa umeme wa magari. Wengine wanakukodisha kwa nusu saa. Nyundo na msumari nimeona vikitumika, na nimeona vikitoka pia. Shika kichwa, vuta kwa nguvu zako zote mguu ukiwa ukutani. Kikitoka, ashukuriwe Mungu kimetokea nchi kavu. Kisipotoka, choma mpira wa kusinyaa mpaka gundi itoke pembeni. Mimi vichwa vikubwa sivilehemu. Risasi ya kulehemu inaingia ndani ya nyuzi na kuzifanya fimbo, na fimbo inavunjika pale ulaini unapoanzia.

Kufunga

1. Vua pete, saa na cheni. Pete ikigusa chanya upande mmoja na spana upande wa pili inakuwa nyekundu kidoleni mwako. Spana nayo izungushie tepu mkononi, iachie mdomo tu.

2. Zima kila kitu, toa waya wa paneli kama una sola, kisha fungua hasi ya betri ya zamani. Hasi hutoka kwanza na kuingia mwisho, siku zote. Ukianza na chanya, spana ikigusa mashine utaona moto.

3. Nyaya zote zilizorundikana kwenye chanya ya betri ya zamani, zitoe moja moja na uzifunge karatasi yenye jina. Zinazohusu mashine zirudi kwenye betri ya mashine: stata, na chaji ya alteneta kama haipiti statani. Nyingine zote, isipokuwa ya pampu, zihamie ubaoni. Nilikuta pale nyaya tisa, mbili haziendi popote.

4. Funga swichi tatu mahali pakavu unapofikia kwa mkono ukiwa umesimama. Ziandike kwa rangi: MASHINE, TAA, DHARURA.

5. Pitisha kebo juu ya maji ya ngama, zikamatwe kila shubiri mbili. Zisipite karibu na dira. Waya wa chanya na wa hasi wa kifaa kimoja uzisokote pamoja kama ukambaa; ukiziachanisha zinaivuta sindano ya dira kila ukiwasha. Spika iliyowekwa karibu na dira ni mbaya zaidi, sumaku yake haizimwi.

6. Fyuzi zibaki nje ya vishikio vyake mpaka mwisho.

7. Funga kebo za chanya, kila moja kwenye betri yake, kisha kebo ya hasi kati ya betri, kisha hasi ya mashine. Soma alama mara mbili kabla ya kugusisha. Betri ikifungwa kinyume, dayodi za alteneta zinakufa kabla hujasema lahaula.

8. Kaza, paka mafuta ya mgando juu ya vichwa vilivyokwisha kukazwa. Juu yake, si chini yake.

9. Rudisha fyuzi moja baada ya nyingine, ukijaribu kila kifaa.

Halafu andika jambo moja ubavuni mwa swichi ya MASHINE: USIZIME SWICHI HII MASHINE IKIWAKA. Ukiitenga alteneta na betri yake huku inazunguka, umeme wake hauna pa kwenda, volti zinaruka, dayodi zinaungua. Nina jirani aliyezima kwa kiwiko wakati anachukua ndoo.

Kuzichaji zote mbili

Njia ya bei ndogo: alteneta ihudumie betri ya mashine, sola ihudumie ya taa. Mashine ikiwaka nusu saa kutoka Raskazone kupita Kisiwa cha Toten inarudisha kilichotumika kuwashia, maana stata inakula kingi kwa sekunde chache tu. Paneli iende kwenye kontrola, kijisanduku kinachodhibiti chaji ya sola, na kontrola iende kwenye betri ya taa kupitia fyuzi. Unganisha kontrola na betri kwanza, paneli baadaye. Ukitoa, paneli kwanza. Ukitumia betri kavu soma maandishi yake, kwa kawaida chaji isizidi volti 14.1 hadi 14.4, na urekebishe kontrola hivyo. Paneli isifunikwe na tanga wala kivuli cha kamba. Kivuli cha kamba moja iliyolala juu ya paneli kinakula umeme kuliko unavyodhani.

Masika ndiyo yanaleta shida, mawingu siku nne mfululizo. Hapo unaweza kuifungulia swichi ya DHARURA mashine ikiwa inawaka, alteneta ijaze zote, na kuifunga kabla ya kuzima mashine. Nilifanya hivyo msimu mmoja, na siku ya tatu nikasahau kuifunga. Nikarudi kwenye betri moja kubwa, yaani nikarudi Yambe.

Ndipo nikanunua relei ya volti. Ni kijisanduku kinachokaa kati ya chanya mbili na kupima. Betri ya mashine ikipanda kufikia kama volti 13.3, maana yake alteneta inafanya kazi, inaunganisha. Ikishuka kufika kama 12.8, inatenganisha. Huhitaji kukumbuka. Inataka kebo ya 16, fyuzi ya 100 kila mwisho, na waya mwembamba wa hasi. Nyingine zinapima pande zote mbili, hivyo sola ikishajaza betri ya taa inaijaza na ya mashine. Hizo ndizo nzuri kwa chombo kinacholala nanga wiki nzima. Usikubali kuuziwa dayodi za kugawa badala yake. Zinakula zaidi ya nusu volti, na betri zako hazitajaa kamwe.

Kujaribu

Kila kitu kimezimwa: pima betri zote mbili, andika. Washa mashine. Betri ya mashine ipande mpaka 14 na kitu. Kama una relei, subiri dakika chache upime ya taa. Nayo iwe imepanda. Tofauti ikizidi 0.3 baada ya muda, kuna ungio linalokula. Litafute hivi: mita kwenye volti, ncha moja juu ya kichwa cha betri chenyewe, ya pili juu ya kichwa cha kebo kilichokifunga, huku umeme unapita. Isome sifuri, au karibu. Nenda ungio moja baada ya jingine, swichi, fyuzi, kila kitu. Langu moja lilisoma 0.4. Nilipolifungua nikakuta washa, ile pete bapa ya bolti, yenye kutu imekaa kati ya kebo na betri, washa niliyoiweka mwenyewe, kwa sababu ilikuwa mfukoni.

Zima mashine. Zima MASHINE, fungulia DHARURA, jaribu kuwasha kwa betri ya taa. Ikikubali, rudisha kama ilivyokuwa, toa ufunguo, ufunge kwa uzi karibu na swichi.

Halafu tia nanga usiku mmoja mahali pa salama, maji ya kutosha chini, na ufanye makusudi: taa ya mlingotini, redio, simu za watu wote. Mimi nilimwita yuleyule kijana na spika yake. Alfajiri nilipima betri ya taa, 12.3, ya mashine, 12.7. Nikageuza ufunguo, mashine ikashika mara ya kwanza, na kijana akaomba aongeze sauti.